Mama Jumatano, Aliyeisogeza Chai ya Saa Nne

Ndugu, jamaa, majirani na wanafunzi wa marehemu, poleni, na asanteni kwa kufika. Kabla sijasoma, naomba radhi kwa hili kreti la soda ninalosimama juu yake. Kipaza sauti kimeshushwa mpaka kimegoma, na mimi sikuanza leo kuwa mfupi. Nyumbani naitwa Nukta. Ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na familia imeona nisome mimi kwa sababu wengine wote machozi yao yako karibu. Yangu yapo, ila yamechoka kama mwenyewe. Tumekuwa watu wa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali, kwa muda mrefu, kwa hiyo nikirudia mstari mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1957, katika chumba cha nyuma cha nyumba iliyopakana na karakana ya baba yetu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mke wake, ambaye siku hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Mama yetu alikuwa mtu wa kukaa. Akiinuka ghafla alishika ukuta. Akianza kufagia uwanja, nusu ya kazi ungemkuta ameketi chini na ufagio mkononi, anahema. Chini ya mto wake alificha vipande vya udongo mkavu, akavitafuna akidhani hatumwoni. Majirani walisema mke wa fundi ni mvivu, na baba, Mungu amrehemu, hakuwakanusha kwa nguvu.

Siku ya nyama ilipofika, nyama ilitangulia kwa baba na mgeni wake, ikaja kwa kaka yetu, na mama na wasichana tukabaki na mchuzi. Hakuna aliyetuonea kwa makusudi. Ndivyo sahani zilivyopangwa, na mama mwenyewe ndiye aliyezipanga.

Mimi nilizaliwa Desemba 1971, mdogo kama mkate wa asubuhi. Marehemu alikuwa na miaka kumi na minne, na mkunga alinikabidhi kwake kwa sababu mama hakuweza kuinuka. Tangu hapo mgongo wake ukawa nyumba yangu. Kwenye fremu ya mlango wa karakana baba alikuwa akitupima urefu kwa penseli yake ya useremala. Alama za kaka zilipanda vizuri. Zangu zilibanana pale chini, mwaka juu ya mwaka, mpaka baba akailaumu penseli kwamba ni nene mno, akainunulia kichongeo kipya.

Mwezi wa nne mwaka 1974 mama alijifungua mtoto ambaye hakulia. Damu ikatoka, na mama hakuwa na damu ya kupoteza. Alifariki mchana huohuo. Marehemu ndiye aliyeufunga mlango wa kile chumba cha nyuma, mimi nikiwa mgongoni kwake. Ya siku ile siyakumbuki. Nayajua kwa sababu yeye hakuyasahau.

Kuhusu elimu: marehemu alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akakaa nyumbani kutulea na kupika. Mwaka 1975 shangazi yetu alihamia kwetu, akanishusha kutoka mgongoni mwa marehemu na kumwambia, "Mtoto huyu nimempokea. Wewe vaa sare." Alisoma sekondari ya wasichana hadi mwaka 1978, kisha akaingia chuo cha uuguzi mwaka 1979 na kuhitimu mwaka 1981.

Ilikuwa katika likizo ya kwanza ya chuo ndipo jambo lililomfanya awe yule mnayemfahamu lilipotokea. Darasani mkunga mkufunzi alikuwa amewafundisha kufunua kope ya chini ya jicho. Ndani pakiwa pekundu, mgonjwa ana damu. Pakiwa peupe kama karatasi, hana. Marehemu aliitazama picha ya jicho jeupe akamwona mama. Alifika nyumbani, hakuvua hata viatu, akaketi kwenye kizingiti nilipokuwa nachezea vifuniko vya chupa.

"Nukta," akaniambia, "mama hakuwa mvivu. Mama hakuwa na damu."

Nilikuwa na miaka minane. Nikamuuliza damu yake ilikwenda wapi.

"Ilikuja kwetu," akasema. "Wewe ulikuta imebaki kidogo."

Kisha akaingia karakana, akamwambia baba maneno yaleyale. Baba alikuwa anapiga randa ubao wa mlango wa mteja. Hakusimama. Aliendelea kupiga randa mpaka ubao ukawa mwembamba, haufai tena kwa mlango wala kwa kitu kingine. Jioni ile nyama ilianzia kwa wasichana, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Kaka alilalamika kidogo, baba akamtazama, naye kaka akarudi kwenye mchuzi wake.

Kikazi, marehemu alianza katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya mwaka 1982. Alikaa hapo miaka mingi, akipokea watoto wenye uzito wa kuku na akina mama wa kushika ukuta. Alikuwa muuguzi mzuri na hakuwa mpole. Aliporudi nyumbani alivua viatu, akaweka miguu ndani ya beseni na kusema kilekile: wanafika wakiwa wamechelewa. Mwanamke anafika akiwa na mimba kubwa na kope nyeupe, na unampa vidonge kama mtu anayeziba paa mvua ikinyesha. Damu ile ilianza kupungua akiwa msichana wa darasani, mwili unarefuka, hedhi imeanza, na sahani yake ina mchuzi. Na mtoto wake atadumaa kuanzia hapo, kabla hata baba wa mtoto hajajulikana.

Mwaka 1996 aliomba ahamishiwe afya ya shule. Wenzake walimshangaa, maana wodini alikuwa amebakiza hatua moja awe msimamizi. Akapangiwa shule ya sekondari ya wasichana, ile ya kutwa iliyo nyuma ya soko, siku ya Jumatano. Kila Jumatano msichana apate kidonge kimoja cha madini ya chuma na asidi ya foliki, na kabla ya kidonge apate somo. Maharage, mboga za majani zenye kijani kilichokolea, dagaa, mayai, maini yakipatikana, na ndimu ya kukamulia juu yake. Dawa ya minyoo kwa wakati wake. Viatu miguuni. Na kusubiri: mwili umalize kujijenga kwanza ndipo ujenge mtu mwingine. Wasichana walimpa jina Mama Jumatano ndani ya mwezi mmoja, na jina la cheti likabaki kwenye cheti.

Mwanzoni mzazi mmoja, muuza mbao, alikuja shuleni akiwa amefura. Alikuwa amesikia kwamba vidonge vile ni vya kufunga kizazi. Alisimama mlangoni mwa ofisi na kusema, "Sista, unataka binti yangu asizae?"

"Nataka azae," marehemu akamjibu. "Nataka pia abaki hai baada ya kuzaa. Kimeze wewe uone."

Mzee wa watu akakimeza mbele ya mwalimu mkuu, na kwa kuonyesha uanaume akakimeza na cha pili. Alhamisi asubuhi alikuwa getini kabla ya kengele, uso umemshuka. Safari hii hakuja kwa ajili ya binti yake. Alitaka kuongea na sista faragha, kuhusu choo, kwamba kimekuwa cheusi kama lami na mkewe ameanza kulia. Marehemu alikuwa amesahau kumwambia kwamba ndivyo chuma kinavyofanya, na hakuna madhara. Alicheka mpaka akashika meza. Mzee alikasirika, akachoka kukasirika, akacheka naye. Amekuja leo, yuko pale nyuma, na ameniruhusu kulisimulia.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko hilo, na marehemu aliagiza lisomwe siku hii, kwa hiyo nalisoma. Vidonge vile vikimezwa tumbo likiwa tupu vinatapisha. Chakula pekee shuleni kilikuwa cha mapumziko ya saa nne: kiazi au muhogo, na kikombe cha chai ya rangi iliyokoza. Basi marehemu akachagua saa nne. Ilionekana ni akili nzuri. Tumbo lina kitu, kikombe kipo mkononi, msichana anameza kidonge kwa chai, kazi imekwisha. Ikaenda hivyo mwaka mzima. Mwisho wa mwaka akaja na fundi wa maabara, wakapima damu, na damu za wasichana zilikuwa palepale. Wengine walikuwa wameshuka.

Alikaa na vitabu vyake vya chuo siku nzima ya Jumapili. Lilikuwa limeandikwa humo tangu zamani, naye alikuwa amelisoma na kulifanyia mtihani: chai inakishika chuma tumboni na kukizuia kuingia mwilini. Alikuwa anajua. Hakuwa ameunganisha kile kitabu na kile kikombe.

Jumatano iliyofuata aliomba wanafunzi wote wakusanyike. Akasimama mbele, akainua kikombe.

"Wanangu, mwaka mzima nimewapa chuma kwa mkono huu, nikawanyang'anya kwa kikombe hiki. Niliyechagua saa ya chai ni mimi. Msimlaumu mwalimu, msimlaumu mpishi."

Msichana mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo, Mama, kile kichefuchefu chote kilikuwa cha bure?"

"Cha bure kabisa, mwanangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, na yeye akacheka nao. Alipofika nyumbani hakucheka. Aliniuliza swali ambalo alikuja kuniuliza maisha yake yote: "Nukta, hivi hili somo linaingia? Au nasema tu?" Wasichana wakimaliza shule wanakwenda zao, na nani atajua nani anakula nini jikoni kwake.

Kuisogeza chai kulichukua mihula miwili. Mpishi wa shule, ambaye naye yupo hapa na ndiye aliyesimamia chakula chetu cha leo, hakutaka kusikia.

"Sista, chai ya shule hii imekaa saa nne tangu sijaota ndevu. Hamisha vidonge."

"Vidonge vinataka chakula, na chakula ni saa nne."

"Na chai nayo inataka chakula."

"Chai inataka sukari tu, usinizungushe."

Mwalimu mkuu alisema ratiba imeshachapwa. Mwalimu wa zamu alisema kengele itawachanganya watoto. Mpishi alisema hawezi kuwasha moto mara mbili kwa siku moja. Marehemu hakugombana. Kila Jumatano, akishamaliza somo, alikwenda jikoni, akakunja mikono ya gauni lake jeupe, akakaa mbele ya jiko na kuulinda moto usizimike hadi saa sita. Alimsimulia mpishi wodi ya wazazi, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. Mpishi alichoka kusikiliza kabla yeye hajachoka kusema. Chai ikasogea. Jumatano saa nne ni kiazi, kidonge, maji na kipande cha chungwa. Saa sita, kabla ya kurudi madarasani, ndiyo chai. Imekaa hapo mpaka leo, na nasikia wanafunzi wa sasa wanaamini ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia.

Kuhusu ndoa: mnamo Februari 1984 marehemu aliolewa na dereva wa lori la maji, marehemu shemeji yetu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye leo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Baada ya lile kosa la shuleni, chai ilifukuzwa kwenye meza ya chakula nyumbani kwake pia. Shemeji alikula, akanawa, akatoka nje na kusubiri kwenye benchi la barazani saa nzima ndipo apelekewe birika. Wapita njia walidhani amefukuzwa. Akiulizwa alisema, "Nasubiri chuma kiingie." Alifariki Machi 2015, na benchi lipo.

Mwanangu wa pekee pia alilelewa na marehemu, ambaye alikuwa mama yake mkubwa kwa jina na kwa kazi. Nilipopata mimba mwaka 1998, marehemu aliogopa kuliko mimi. Nyonga zangu ni za mtoto. Daktari alisema mtoto atatoka kwa upasuaji, na marehemu hakutulia kwa neno hilo la daktari. Kila asubuhi alikuja kabla ya kwenda kazini, hasalimii, anafunua kope zangu mlangoni kama anayekagua tiketi. "Bado peupe. Ulikula nini jana? Usinidanganye." Nilikula maharage mpaka nikayaota. Juni 1999 mtoto wa kike alizaliwa na uzito wake kamili, na nakumbuka marehemu alimshika, akampima, akampima tena, akageuka ukutani ili wauguzi wenzake wasimwone analia. Huyo mtoto alianza kunizidi urefu akiwa na miaka kumi. Tunamwita Mlingoti. Ile fremu ya mlango wa karakana, baba alipofariki, marehemu aliing'oa akaisimamisha sebuleni kwake, na alama za Mlingoti ziko juu kule ambako mimi sifiki hata kwa kreti.

Miaka ya mwisho ya kazi marehemu alichoka. Nalisema wazi kwa sababu yeye alilisema wazi. Kila mwaka wasichana wapya, somo lilelile, vicheko vilevile ikifika sehemu ya hedhi. Siku moja mfereji wa bomba la shule uliziba. Alishika fimbo kuuzibua na akakuta vidonge vyake, vimevimba, vimetemwa nyuma ya bomba. Alikaa kwenye kiukuta cha bomba, akanipigia simu.

"Naongea na ukuta, Nukta. Ila ukuta ungekuwa umeshaelewa."

Nikamwambia apumzike basi. Akasema Jumatano ijayo. Alistaafu mwezi wa kumi na moja mwaka 2017 kwa heshima zote, akapewa saa ya ukutani, na Jumatano iliyofuata alikuwa bombani kama kawaida, safari hii amejitolea. Sasa alisimama mbele ya kila msichana mpaka ameze na kufungua mdomo.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 2022. Ilikuwa figo. Daktari alitueleza kwamba figo ndizo zinazoukumbusha mwili kutengeneza damu, zikichoka mwili unasahau. Hivyo yule aliyewahimiza wasichana wa shule nzima wawe na damu, yeye ikamwishia, na hakuna dagaa wala ndimu ya kuirudisha. Alianza kushika ukuta. Mara ya kwanza nilipomwona ameshika ukuta nilitoka nje, nikasimama karibu na lile benchi la shemeji mpaka nikaweza kurudi ndani.

Yeye alifanya mzaha. Alijifunua kope kwenye kioo akasema, "Sista, mgonjwa huyu hakuhudhuria somo."

Machi mwaka huu alilazwa, na wakasema anahitaji kuongezewa damu, na familia ilete watu wa kuchangia. Mwanawe wa kumzaa alikuwa ametoa wiki chache kabla, hakuruhusiwa tena mapema. Kaka yetu ana presha. Basi nikaenda mimi. Nilimwambia fundi wa maabara wa hospitali kwamba mgonjwa ni dada aliyenibeba mgongoni. Akaniambia nipande mizani. Akaitazama, akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, uzito hautoshi. Tukikutoa damu tutakulaza na wewe."

Nilishuka kwenye mizani. Naomba mjue ilivyouma. Nilibebwa na mtu huyu tangu siku niliyozaliwa, na siku aliyohitaji nimbebe, mwili niliopewa haukufika. Sikumlaumu mama wala mtu yeyote. Niliketi kwenye kiti cha plastiki na kujisikia mdogo kuliko nilivyo, na hiyo si kazi rahisi.

Mlingoti alikuwa nyuma yangu. Akapanda mizani, akapita. Fundi akamchoma kidole, akaliacha tone la damu lianguke kwenye chupa ndogo ya maji ya bluu. Alitueleza: damu yenye chuma cha kutosha ni nzito, tone linazama. Damu nyepesi inaelea. Tone la mwanangu halikusita. Lilikwenda chini moja kwa moja, likatulia kwenye kitako cha chupa.

Chupa moja ya damu haikutosha. Mlingoti akaandika kwenye kundi la simu la waliosoma ile shule: Mama Jumatano amelazwa, anahitaji damu. Kesho yake nilipofika na uji, nilikuta foleni kwenye korido. Nilidhani kuna ajali imetokea. Fundi cherehani, mwalimu wa chekechea, polisi mwenye sare, muuza nyanya aliyekuja na mtoto mgongoni na akaambiwa anyonyeshe kwanza na damu yake isubiri, wanawake watu wazima ambao sijawahi kuwaona. Kila mmoja akiniona aliniuliza, "Mama Jumatano yuko wodi gani?" na mmoja akaniambia, "Wewe lazima ni Nukta. Alikutaja kila mwaka. Wewe ndiye somo la kwanza."

Sikujua hilo. Miaka yote ile sikujua kwamba nilikuwa somo. Nilikwenda dirishani nikapumua kidogo.

Marehemu alikuwa hana nguvu ya kuinua kichwa, lakini masikio yalikuwa kazini. Nilikuwa nakwenda maabara na kurudi kitandani kwake, na kila nilipoingia aliuliza neno moja.

"Limezama?"

"Limezama."

"La nani?"

"La fundi cherehani. Anasema alimaliza mwaka 2004."

"Huyo alikuwa anatema. Nilimshika mara mbili." Akafumba macho, akatabasamu. "Lingine?"

Sitawadanganya kwamba yote yalizama. La yule mwalimu wa chekechea lilielea, na nikafanya kosa la kulisema. Marehemu akataka aletwe. Mwanamke wa watu akaja, mama wa watoto watatu, anajipangusa mikono kwa aibu kama mwanafunzi. Marehemu akanyoosha mkono wenye bomba la maji ya dripu, akamfunua kope.

"Chai unakunywa saa ngapi?"

"Na chakula, Mama."

"Na chakula." Marehemu akageuza uso kwangu. "Umesikia, Nukta? Na chakula." Lakini hakuwa amekasirika. Alimshika mkono yule mwalimu, wakakaa hivyo, na akamfanya aahidi mbele ya muuguzi wa zamu.

Jioni foleni ilipokwisha nilimweleza yote, na la Mlingoti nililimalizia mwisho kwa sababu jana yake, lilipopimwa, marehemu alikuwa amesinzia. Nikamwambia lilivyoanguka na lilivyotulia kwenye kitako cha chupa. Niliona machozi yanamtoka pembeni, yanaingia sikioni, nikampangusa kwa kona ya shuka.

"Basi limeingia," akasema.

"Limeingia, dada."

"Basi, Nukta. Sasa naweza kuchoka."

Damu ile ilimpa wiki nyingine kadhaa, nazo zilikuwa nzuri. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye benchi la shemeji, akagombana na watu waliopita. Tarehe 9 Mei 2024, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, alifariki kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwangu na Mlingoti akiwa amemshika miguu. Daktari amesema ni figo. Nami ninasema alikuwa amemaliza.

Jumatano hii iliyopita, mwili ukiwa bado hospitali, matroni wa shule alinipigia simu kwa sauti ya msiba, akauliza kama waahirishe vidonge kwa heshima ya marehemu. Nilikuwa nimechoka sana, sijala, nyumba imejaa watu. Nikamwambia matroni, ukiahirisha atafufuka, na hatafufuka kwa wema. Walimeza saa nne, kwa maji, na midomo ikafunguliwa. Nimeambiwa hakuna aliyetema.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili wa kike ambao alama zao zimeshaanza kupanda kwenye ile fremu, kaka yetu, na Mlingoti. Ameniacha na mimi. Amewaacha pia nyinyi wote mlioketi pale mbele kwa sare, na nyinyi mlioketi pale nyuma na watoto wenu.

Tangazo la mwisho ni lake, nimeagizwa nilisome kama lilivyo. Baada ya mazishi kutakuwa na chakula: maharage, mboga za majani na machungwa. Wasichana wapakuliwe kwanza. Chai itakuja baada ya saa moja, na atakayekwenda jikoni kuiomba mapema, mpishi ana ruhusa ya kumfukuza.

Dada, wewe uliyesema Jumatano ijayo kila tulipokuomba upumzike, hii ndiyo Jumatano yenyewe, hata kama leo ni Jumamosi. Moto wa jiko tutaulinda sisi. Pumzika kwa amani.